Wiki Nne za Nyongeza

Kisomatumbo kilifanya kazi yake bila kelele. Mama mjamzito alipolala kitandani katika chumba namba tatu, ukanda mpana wenye rangi ya maziwa ulishuka kutoka darini, ukajizungusha tumboni mwake kama khanga inayofungwa na mikono yenye uzoefu, na baada ya sekunde chache ukawa na joto lilelile la mwili wake. Ndani ya ukanda huo mlikuwa na masikio elfu sita, kila moja dogo kuliko punje ya ulezi, na yote yalisikiliza kwa wakati mmoja. Kisha, hewani, kiasi cha shubiri mbili juu ya kifua cha mama, mtoto ambaye bado hajazaliwa alionekana akielea katika nuru ya rangi ya asali. Mifupa yake ilihesabika. Moyo wake ulionekana ukifunga na kufungua milango yake minne. Kama ungekuwa na tundu lisilotosha kupitisha uzi wa kushonea, tundu hilo lingepigiwa mstari mwekundu, na daktari angeitwa kabla mama hajashuka kitandani.

Kina mama wapatao arobaini walipita chini ya ukanda huo kila siku katika Hospitali ya Mnara Mweupe, jijini Tabora. Mashine iliwajua watoto wao kuliko kina mama wenyewe walivyowajua. Jambo moja tu liliishinda, nalo ni umri wa mimba. Kupima urefu iliweza, lakini mtoto mfupi anaweza kuwa mchanga, na anaweza pia kuwa amedumaa. Na tangu miaka ya ukame mkubwa, watoto waliodumaa tumboni walikuwa wengi. Kwa hiyo kando ya urefu mashine ilihitaji kauli ya mama mwenyewe. Ili kuipata kauli hiyo, hospitali iliendelea kumwajiri binadamu.

Binadamu huyo alikuwa Sista Kalunde Mlekwa, mkunga mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, aliyekunja shuka zake kwa pembe nne zilizolingana na ambaye hakuwahi kumwita mama yeyote kwa namba.

"Wiki ngapi sasa, mwanangu?" alimwuliza msichana aliyekuwa kitandani asubuhi hiyo, mfanyakazi wa kiwanda cha vioo vya jua aitwaye Nyanzala.

"Kumi na nne, Sista."

"Una hakika?"

"Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu na kwa kalenda."

Kalunde akatabasamu, akaandika kumi na nane.

Hakuwa amesikia vibaya. Kwa miaka ishirini na sita ya kazi alikuwa amejifunza kwamba kina mama wa mji ule hupunguza. Mimba haitangazwi, anayejua mwezi wako anajua na siku yako, na si kila anayejua anakutakia mema. Isitoshe, kwenye benchi la nje walikaa majirani wenye masikio marefu, na mama aliyechelewa kuanza kliniki aliogopa kukaripiwa. Kwa hiyo aliye na miezi minne husema mitatu, kwa uso mkavu kabisa. Wakunga wa zamani walilijua hilo na waliongeza mwezi mmoja kimyakimya, bila kumwaibisha mtu. Kalunde alifundishwa hivyo na mkunga aliyemtangulia, naye alifanya hivyo kama mtu anavyofuta miguu kabla ya kuingia ndani.

Hivyo ndivyo siku ile ilivyopita. Ukanda ukapanda darini, Nyanzala akashuka akifunga khanga yake, na mashine ikamwandikia dawa.

*

Miezi kumi na tisa baadaye, Kalunde aliitwa ghorofa ya tisa, ofisini kwa Wakili Rwegoshora, mtetezi wa hospitali. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyependa kumimina chai mwenyewe.

"Kaa, Sista, kaa. Usiniangalie kama nimekuita kukufukuza. Shauri la kesho ni dogo. Unamkumbuka mama mmoja, Nyanzala?"

"Namkumbuka. Mtoto wake ni Kashindye. Mikono yake haifunguki."

"Naam." Rwegoshora aliinamisha kichwa, kwa adabu. "Anadai kwamba tulimpa dawa isiyostahili. Anasema alituambia wiki kumi na nne. Rekodi inasema alisema kumi na nane. Na wiki ya kumi na nane, kama unavyojua, ndiyo inayompa mfanyakazi wa kiwandani haki ya kuhamishiwa kazi nyepesi. Binti alichoka na vioo, akajiongezea. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningesema ishirini!"

Alicheka peke yake. Kisha akaugusa ukuta, na rekodi ikatokea, maandishi meupe juu ya rangi ya samawati. Kalunde aliisoma mstari kwa mstari, kama alivyosoma kila kitu.

Kauli ya mama: wiki 18. Sahihisho la kauli: kuongeza wiki 4. Umri: wiki 22. Urefu wa mtoto: sawa na wiki 14. Tofauti: wiki 8. Hali: amedumaa. Tiba: kichochezi cha ukuaji, siku sitini.

"Huu mstari wa pili ni kitu gani?" aliuliza.

"Upi? Ah, huo. Maboresho ya zamani. Wahandisi waliifundisha mashine kwamba kina mama hupunguza mwezi, basi ikawa inaongeza yenyewe." Rwegoshora akamsogezea kikombe. "Tena nilitaka kukupongeza. Waraka unasema wazo lilitoka kwako. Ulimweleza mhandisi mmoja mlipokuwa mkinywa chai. Hukuambiwa?"

Aliambiwa. Alikumbuka sasa, kwa uchungu wa mtu anayekumbuka alikoacha ufunguo baada ya mlango kujifunga. Waraka ulikuja ukiwa na kurasa sabini na mbili, asubuhi yenye foleni hadi ngazini, na chini kabisa palikuwa na kitufe kilichoandikwa *Nimesoma*. Yeye, ambaye hakuwahi kuruka mstari, alikuwa amekibonyeza.

"Kesho utaulizwa swali moja tu," Rwegoshora alisema. "Kama uliandika kauli ya mama. Utajibu ndiyo. Utarudi wodini kabla chai haijapoa."

*

Mchana ule alijifungia katika chumba cha kubadilishia nguo, akatoa kabatini daftari lake la arubaini. Lilikuwa daftari la kawaida, la karatasi. Kila mama aliyeanza kliniki mikononi mwake aliandikwa humo jina na mtaa, ili siku ya arubaini Kalunde aende kumwona mtoto, akiwa amebeba mche wa sabuni na kilo ya unga wa ulezi. Hospitali haikumtaka afanye hivyo. Alifanya kwa sababu aliona kazi iliyoanzishwa yapasa kumalizwa.

Alihesabu kurasa za kipindi ambacho mashine nayo ilikuwa ikiongeza: kina mama mia tatu na kumi na wawili. Kisha akahesabu wale ambao watoto wao aliwakuta na ngumi zilizofungwa, mifupa ya vidole imeungana kabla ya wakati kama mizizi iliyokosa nafasi. Walikuwa kumi na tisa.

Kwa nini kumi na tisa tu? Aliketi na swali hilo, penseli mkononi, na jibu lilipokuja lilikuja kwa utaratibu wa hesabu ya darasani. Mama wa kweli wa wiki kumi na nane husema kumi na nne. Yeye humwandikia kumi na nane; mashine huongeza, zikawa ishirini na mbili. Mtoto ana urefu wa wiki kumi na nane, tofauti ni nne, na Kisomatumbo huvumilia tofauti isiyozidi tano. Hapewi dawa. Anakwenda nyumbani salama, akiwa amelindwa na uongo wake mdogo. Lakini mama wa wiki kumi na nne asemaye kumi na nne hupewa nne na mkunga, na nne nyingine na mashine. Tofauti ni nane. Huyo ndiye aliyepewa kichochezi, na mifupa ya mtoto wake ikakomaa kabla ya wakati.

Dawa ilikuwa imewaangukia waliosema kweli.

Kichochezi chenyewe kilikwisha kuondolewa bila tangazo, kwa ajili ya kile wahandisi walichokiita tathmini. Na kina mama wale? Kalunde alikumbuka alivyoketi kwenye mikeka yao, mtoto mapajani, akiwaambia kwa sauti ya upole kwamba Mungu ndiye muumbaji na hana haja ya kuulizwa. Walimwamini. Mmoja alimshukuru akilia. Kama angesema kesho, angekuwa anavunja nyumba kumi na nane zilizokwisha kutulia, na yake ya kumi na tisa. Kama angenyamaza, Nyanzala angeandikwa mwongo mbele ya mji mzima, na Kashindye angehamishiwa foleni ya kasoro za asili. Kila mtu pale Mnara alijua maana ya foleni hiyo. Kitalu cha Viungo, ambako mikono mipya ilioteshwa kutokana na damu ya mtoto mwenyewe, kiliwapokea kwanza watoto walioshinda madai. Wengine walisubiri miaka tisa. Na mishipa ya fahamu ya mtoto huukataa mkono mpya akishapita miezi kumi na minane. Kashindye alikuwa na miezi kumi na mitatu.

Alifunga daftari. Kwa mara ya kwanza hakulirudisha mahali pake.

*

"Shikamoo, Sista!"

Nyanzala alikuwa ameketi kwenye ukumbi wa Baraza la Madai ya Uzazi, ghorofa ileile ya tisa ya Mnara, kikombe cha uji kwenye benchi, mtoto mapajani. Kashindye aligonga benchi kwa ngumi zake mbili, ko, ko, ko, akicheka kila lilipolia.

"Marahaba, mwanangu. Amekua."

"Amekua na fujo. Baba yake anasema huyu atakuwa fundi seremala, nyundo anazo tayari." Alicheka, kisha kicheko kikaishia njiani. "Sista, niliposikia umeitwa wewe, usingizi ulinijia. Nilimwambia mume wangu, Sista Kalunde alikuwepo. Atasema nilivyosema."

Kalunde alikaa. Alitaka kumwambia hapohapo, lakini akainama kumfuta mtoto uji kidevuni.

"Wanasema nilijiongezea ili nikimbie vioo," Nyanzala aliendelea. "Mimi! Mama mkwe wangu ameacha kula chakula changu. Anasema kama nilidanganya mashine, kuna kipi kingine nilichodanganya? Sitaki hata wanipongeze, Sista. Nataka waandike kumi na nne, basi, halafu mwanangu apate vidole."

Walikaa pamoja dakika kumi na mbili. Baadaye Kalunde alijua idadi hiyo kwa usahihi, kwa sababu ukumbi ulikuwa umezihesabu.

*

Shahidi katika Baraza hilo alisimama ndani ya kizimba cha kioo ambacho mlango wake hujifunga na haufunguki hadi ushahidi uishe. Juu ya meza ya Mwenyekiti, mama mwenye mvi aitwaye Mbonea, ulining'inia mtambo ulioitwa Mizani. Kazi yake ilikuwa kupima kila kauli na kuipa uzito. Upande uliokusanya zaidi ya nusu ndio ulioshinda, na hakuna binadamu aliyeruhusiwa kuugusa. Watu waliupenda kwa sababu haukupokea zawadi na haukuwa na wajomba.

"Sista Kalunde," alianza Rwegoshora kwa uchangamfu, "namba hii kumi na nane iliingizwa na nani?"

"Na mimi."

"Na ni kauli ya nani?"

Kioo kilikuwa karibu na uso wake kiasi kwamba aliona pumzi yake ikikitia ukungu. Nje ya ukungu huo ngumi mbili ziligonga ubao. Ko, ko.

"Ni yangu," alisema. "Mama alisema kumi na nne."

Rwegoshora akageuka polepole. "Sista, nadhani hukulielewa swali."

"Nimelielewa, Wakili." Akaeleza yote, kwa mpangilio: desturi ya kupunguza, desturi ya kuongeza, chai na mhandisi, waraka wa kurasa sabini na mbili, nne juu ya nne. Akawataja watoto kumi na tisa kwa idadi, bila majina. Alikuwa amezoea kufundisha wakunga wapya, na somo hili alilitoa kama masomo mengine, ila mikono yake ilikuwa imeshika sketi.

Alipomaliza, Nyanzala alikuwa amesimama. Hakupiga kelele.

"Uliandika kumi na nane?" aliuliza. "Mimi nikiwa nimelala pale, nakutazama, ulikuwa unaandika kumi na nane?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

Mizani ikawaka. Sauti yake ilikuwa ya kiungwana, isiyo ya kike wala ya kiume.

"Kauli ya mtumishi dhidi ya nafsi yake. Mtumishi amezungumza na mlalamikaji kwa dakika kumi na mbili kabla ya kikao. Wakunga hujitwisha lawama kwa huruma mara saba katika kila kumi. Sahihisho limefanyika. Uzito wa kauli: asilimia thelathini."

Hata Rwegoshora alikunja uso. "Mheshimiwa Mwenyekiti, sahihisho hilo sikuliomba mimi."

"Haliombwi," alisema Mbonea. "Linafanyika lenyewe."

Kalunde aliutazama mtambo. Alikuwa amesema jambo gumu kuliko yote maishani mwake, amelisema lilivyo, na kitu kilichowajua sana watu wa aina yake kilikuwa kimelipokea kwa adabu na kuandika namba nyingine. Alijisikia kama aliyelala kitandani na ukanda tumboni.

"Ninasema kweli," alisema, na akasikia jinsi maneno hayo yalivyo membamba.

"Mimi ninakuamini, mama," Mbonea alijibu. "Lakini imani yangu haina mahali pa kuandikwa humu." Alifikiri, akipapasa ukingo wa meza. "Hao wengine kumi na wanane. Wanajua haya uliyoyasema?"

"Hawajui chochote. Wanadhani ni maumbile."

"Basi sikiliza vizuri. Mtu asiyejua sababu ya swali, jibu lake Mizani hulipokea kwa uzito kamili. Kikao hiki kimefungwa. Haya hayatatoka nje hadi nitakaporuhusu. Nakupa siku nane. Utakwenda kwao na kinasasauti cha Baraza. Aulize yuleyule aliyeuliza mwanzo, kwa swali lilelile, kabla hajaeleza neno lolote. Wote wakitaja namba ambayo iko chini ya rekodi kwa nne kamili, hakuna sahihisho litakaloweza kulila hilo."

"Na baada ya kujibu?"

"Baada ya kujibu watakuuliza kwa nini umewauliza," Mbonea alisema. "Hapo sheria haina la kukusaidia."

Mlango wa kizimba ukafunguka. Alipofika kwenye lifti na kuweka dole gumba, taa ilibaki nyekundu. Alikuwa amesimamishwa kazi kabla hajafika ghorofa ya nane. Alishuka kwa ngazi. Njia ya kuwafikia kina mama wale ndani ya kumbukumbu za hospitali ilikuwa imefungwa, na kama angekuwa mkunga wa mfumo tu, mambo yangeishia pale ngazini. Alikuwa na daftari.

*

Nyumba ya kwanza ilikuwa mtaa wa Ng'ambo, nyuma ya nguzo za reli ya sumaku. Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha mara ya pili.

"Sista Kalunde! Jamani, juzi tu tulikuwa tunakutaja!" Mama Wande alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kujaza soko. "Ingia, usisimame jua linakupiga. Wande! Njoo umwone bibi yako."

Mtoto alitambaa kutoka nyuma ya pazia. Alitambaa juu ya ngumi zake, kwa kasi, kana kwamba ndivyo watoto wote wanavyotambaa.

Kalunde alikaa mkekani, palepale alipokaa siku ya arubaini. Kinasasauti kilikuwa shingoni mwake, kidogo kama kifungo cha shati. Mama Wande akamwekea mtoto mapajani bila kumwuliza, akaanza kutafuta vikombe.

"Mama Wande, ukae kidogo. Nina swali." Alilisema swali kama alivyolisema siku ile, neno kwa neno. "Wiki ngapi sasa, mwanangu? Ulipokuja kwangu mara ya kwanza, ulinitajia wiki ngapi?"

"Hee! Maswali ya wapi hayo?" Mama Wande alicheka, vikombe mkononi. "Kumi na tatu. Siwezi kusahau, maana wenzangu pale kwenye benchi walinicheka. Waliniambia punguza wewe, kila mtu anapunguza. Nikawaambia kwa mwingine ningepunguza, lakini Sista Kalunde simdanganyi."

Kalunde alifungua daftari. Katika rekodi ya hospitali palikuwa na kumi na saba. Alikuwa na hakika, kwa sababu mkono wake ndio ulioiandika. Akashika penseli na kuandika kumi na tatu, polepole, bila kuongeza kitu. Chini yake zilibaki nafasi kumi na saba tupu.

Wande alikuwa ameishika penseli kwa ngumi zake mbili, akiivuta aiweke mdomoni. Kalunde akaiacha.

Mama Wande aliweka vikombe chini. Alimtazama mgeni wake, akakitazama kile kifungo shingoni, na kicheko kikamtoka usoni taratibu.

"Sista," alisema, "kwa nini umeniuliza?"

Kalunde alimshika mtoto vizuri asianguke, kisha akaanza kusema.